Sindano ya Mama Kagendo

Kibiriti kilikuwa kimefungwa kwa uzi mweusi, mizunguko mitatu, na fundo lake lilikuwa la mshona nguo. Nililitambua fundo hilo kabla sijakikumbuka kibiriti chenyewe. Kilikuwa ndani ya kifuniko cha gramafoni ya Baba, ile ya sanduku, ambayo nilipewa nyumbani Kibirichia baada ya kumzika. Nikakata uzi. Ndani mlikuwa na pamba iliyogeuka manjano, na ndani ya pamba sindano ya santuri, ndogo hata kuliko punje ya wimbi. Nikaifunika upesi kama mtu aliyefungua barua isiyo yake. Mimi ni mtu mzima, nina watoto walioanza kuota mvi, na bado nilihisi uso ukiniwaka.

Gramafoni ilikuwa inazunguka vizuri, ila sindano iliyokuwamo ilikuwa imechakaa na ikawa inateleza juu ya santuri bila kushika. Nikaipeleka Meru mjini kwa fundi mmoja, mzee wa Kiislamu mwenye meza iliyojaa matumbo ya redio. Nilidhani nitasema nataka sindano, nipewe sindano, niende zangu. Yeye akacheka.

"Sindano si sindano tu, binti yangu. Kwanza nione kichwa."

Alichomoa kile kichwa kidogo kilicho mwisho wa mkono wa gramafoni, akakigeuza kwenye mwanga, kisha akamwaga mezani visindano kutoka kwenye mkebe wa peremende. Kila kichwa, alisema, kina sindano yenye mguu wake, na ukilazimisha mguu wa mwingine utavunja vyote viwili. Tena kuna sindano za santuri nene za zamani, na kuna za hizi nyembamba. "Ukiweka ya santuri nene kwa santuri ndogo, itapita juu juu, haitafika chini kwenye sauti. Halafu uchague jiwe. Kuna ya yakuti, inaisha mapema. Kuna ya almasi, hiyo inakaa. Lakini ubaya wa almasi ni kwamba watu wanasahau kuiangalia, na ikiisha, haisemi."

Nikampa ile ya kwenye kibiriti ili alinganishe mguu. Akaiweka chini ya kioo chake cha kukuzia, akainama. Kisha akanivuta nami nitazame. Nilitarajia kuona ncha. Niliona kitu bapa, kimelika pande mbili kama patasi.

"Hii haikuwa inasoma tena," alisema. "Ilikuwa inachonga. Aliyeitoa aliiwahi, maana wiki chache zaidi santuri yako ingebaki kuvuma tu. Ni nani alijua?"

"Mamangu," nikasema. "Alikuwa mshona nguo."

Neno hilo nilikuwa sijawahi kumwambia mwenyewe. Nilimwambia mzee nisiyemjua, kwenye meza ya vyuma chakavu, kwa sababu yeye hakujua nilivyomnyima mwenyewe neno hilo miaka yote. Nikachagua almasi, nikaondoka nikiwa sioni vizuri ninapokanyaga.

Mama aliyenizaa alifariki nikiwa mdogo mno kuikumbuka sura yake. Alichoacha ni sauti. Kwaya ya kanisa letu iliwahi kurekodi santuri moja, ndogo, nyimbo mbili tu, na kwenye wimbo wa upande wa kwanza Mama ndiye anayeanzisha peke yake kabla wengine hawajaitikia. Kila Jumapili baada ya ibada Baba alikuwa anatoa betri na kuzianika dirishani zipate joto la jua, kwa sababu betri za kwetu zilikuwa zinatumiwa hadi zitokwe na roho mara tatu. Viazi vikichemka jikoni, yeye anafungua sanduku, anapuliza vumbi, anashusha mkono wa gramafoni taratibu. Halafu Mama anaimba. Hata sasa nikinusa viazi vya maganda vikianza kuiva huwa nangoja sauti ya mtu.

Nilikuwa nimefanya uchunguzi wangu wa kitoto na nikapata jibu. Santuri ilizunguka kimya mpaka sindano iguse, na sindano ikiinuliwa Mama anakoma hapo hapo, hata katikati ya neno, huku santuri ikiendelea kuzunguka kama kawaida. Kwa hiyo Mama hakuwa kwenye santuri. Alikuwa ndani ya sindano. Sikumwambia mtu, maana siri kubwa namna hiyo haiongelewi ovyo. Lakini baada ya shule, nyumba ikiwa tupu, nilikuwa naifungua gramafoni peke yangu na kumwimbisha Mama mara tano, mara kumi, hadi betri zilegee na sauti yake ishuke iwe ya mwanamume. Nilimchosha mno.

Baba alioa tena nikiwa na miaka saba. Mke wake aliitwa Karimi, na alikuja na cherehani ya mkono na sanduku moja la nguo. Sasa, kwetu mwanamke akishapata mtoto, jina lake la usichana huwekwa kando. Anakuwa Mama Mutuma, Mama Kinoti, na hata mumewe humwita hivyo. Asiye na mtoto hubaki na jina alilopewa siku ya kuzaliwa, na kila akiitwa anakumbushwa. Majirani hawakungoja Karimi azae. Mimi nilikuwepo tayari, na jina langu ni Kagendo, basi siku ya kwanza aliyokwenda bombani kuteka maji wakamwita Mama Kagendo. Nilikuwa nyuma yake na mtungi wangu mdogo. Niliona alivyogeuka kuitikia, uso umefunguka, kama mgeni aliyeambiwa karibu uketi. Nikachukia hadi meno yakaniuma.

Mimi sikumwita kitu. Nikitaka kusema naye nilianza tu katikati: "Sare imechanika." "Baba anaita." Yeye aliishona sare usiku huo huo, na asubuhi nilikuta kiraka kimekaa sawa hata mwalimu asikione. Hakuna siku aliyonipiga. Nasema hivi kwa sababu watu wakisikia mama wa kambo huanza kutafuta fimbo, na mimi ningefurahi kuwa na fimbo ya kuonyesha.

Mwaka wake wa pili kwetu, sauti ya Mama ilianza kuwa na mchanga. Palitokea mvumo nyuma yake, na akifika sauti ya juu ilikwaruza kama mtu mwenye mafua. Jumapili moja Karimi aliinua mkono wa gramafoni, akagusa ile ncha kwa kidole, akapangusa vumbi la kijivu na kulisugua katikati ya vidole viwili.

"Mwalimu, hii sindano imekuwa butu," akamwambia Baba, ambaye alimwita kwa kazi yake ya ualimu. "Inakula santuri."

Baba akacheka. "Hiyo si cherehani."

"Sindano ni sindano. Ya cherehani ikiwa butu inakula kitambaa. Hili vumbi limetoka wapi?"

Baba akasema tutaona, na alikuwa mtu wa kuona baadaye. Mimi nilisikia jambo lingine kabisa. Nilisikia mwanamke aliye hai akimlalamikia aliyekufa.

Ijumaa iliyofuata nilirudi shuleni nikamkuta sebuleni, mgongo wake mlangoni. Alikuwa ameichomoa sindano. Akaishika kwa koleo ndogo ya nyusi na kuiburuta juu ya ukucha wa dole gumba, polepole, mara mbili, kichwa kimeinama kama anayesikiliza. Leo najua washonaji wote hufanya hivyo. Ncha iliyoharibika huacha mstari kwenye ukucha. Wakati ule nilimwona mtu akimkwaruza mamangu kwa kucha zake. Kisha akaifunika kwa pamba, akaitia kwenye kibiriti, akakifunga kwa uzi, mizunguko mitatu. Nilingoja Mama apige kelele. Hakupiga, nami nikarudi nyuma kimya kimya hadi kwenye boma la ng'ombe, nikalia huko.

Jumamosi asubuhi Karimi alijitanda leso mpya, akasema anakwenda Meru na kwamba mimi niende kwa Mama Mutuma, ambako wanawake walikuwa wanachimba viazi. Walikuwa na kikundi cha kusaidiana; leo shamba la huyu, kesho la yule. Baba alikuwa shuleni na darasa lake la mtihani. Nikaenda. Ardhi ilikuwa imenyeshewa, baridi ya mlimani ilikuwa inatoka kwenye udongo, na sisi watoto tulipewa kazi ya kuokota vile vidogo vya kuwapa ng'ombe.

Mama Mutuma alikuwa jirani yetu wa karibu, mwenye sauti ya kufika ng'ambo. Akaniuliza, bila ubaya wowote, "Na Mama Kagendo, ameenda wapi leo na leso mpya?"

Hapo ndipo niliposema. Nilisimama na kiazi mkononi nikasema, "Mama Kagendo alikufa. Huyo mwingine si mama yangu. Ameenda kutupa sauti ya mama."

Majembe yalisimama moja moja.

"Unasema nini, Kagendo?"

"Ameitoa kwa gramafoni. Nimemwona na macho yangu. Aliikwaruza na kucha, akaifunga kwa kibiriti ndio isitoke, akaenda nayo."

Nimeyaandika kwa Kiswahili, lakini niliyasema kwa Kimeru, na kwa Kimeru yalikuwa makali zaidi. Kila neno lilikuwa kweli. Nilimwona kweli, alikwaruza kweli, alifunga kweli. Ndiyo maana waliniamini, na ndiyo maana hadi leo sijui nijitetee kwa lipi. Mwanamke mmoja akasema, "Wivu na maiti! Huo ni wivu gani?" Mwingine akasema ndiyo sababu tumbo lake limekataa. Mama Mutuma alinifuta pua kwa ncha ya leso yake, nami nikajiona mtu mkubwa sana.

Alasiri tulikuwa kando ya barabara tukichagua viazi, vikubwa huku, vya mbegu kule, Karimi alipotokea. Alikuwa anatembea haraka, amechoka, viatu vimejaa tope, na alikuwa anatabasamu kutoka mbali. Akaacha njia, akaja moja kwa moja kusaidia, kwa sababu alijua zamu yake ilikuwa imempita.

"Mmefanya kazi, kina mama! Poleni."

Mama Mutuma akasema, "Umerudi, Karimi."

Alicheka kidogo, nadhani akifikiri ni utani. Akatazama mmoja, akatazama mwingine. Halafu akanitazama mimi, nikainamisha kichwa, na kwa kuinamisha kichwa nikamweleza yote. Hakuuliza. Alikunja leso yake mpya akaiweka juu ya jiwe, akachuchumaa kwenye lile rundo na kuchagua viazi pamoja nao hadi kiazi cha mwisho. Hakuna aliyesema naye. Tulipokwenda nyumbani yeye alitangulia, nami nikafuata nyuma nikihesabu alama za viatu vyake kwenye tope.

Baba aliporudi, jua lilikuwa halijazama. Karimi akaweka kibiriti mezani, na kando yake kikaratasi kilichokunjwa. Ndani ya karatasi mlikuwa na sindano mpya. Alikuwa amezunguka duka hadi duka na ile ya zamani mkononi, akikataa kila moja iliyokaribiana nayo, akitaka inayolingana, mpaka akaipata. Aliinunua kwa fedha zake za kushona. Akamshikia Baba taa ya mkono, Baba akaipachika, akashusha mkono wa gramafoni.

Kabla Mama hajaimba, alivuta pumzi. Sikuwahi kuisikia. Ilikuwa pumzi fupi, ya mtu aliyesimama mbele za watu akiwa na hofu kidogo, kisha sauti ikaja safi, bila mchanga, na nikasikia hata maneno ambayo siku zote nilikuwa nayakisia. Baba alifunika uso kwa mikono yake. Mimi niliangalia kile kibiriti. Sindano ya zamani ilikuwa humo, na Mama alikuwa anaimba kwenye hii mpya, na hapo nikajua kwamba hakuwahi kukaa ndani ya sindano yoyote.

"Asante sana, Mama Kagendo," Baba akasema.

"Niite Karimi, Mwalimu. Hilo jina lina mwenyewe."

Baba alidhani anamheshimu marehemu, akatikisa kichwa kwa kukubali. Mimi nilijua.

Ningeweza kuwa nimesamehewa hapo, nikasema ulikuwa utoto. Lakini nilipewa nafasi nyingine. Wiki hiyo Mama Mutuma, akiwa nyumbani kwake, alisikia santuri yetu ikilia, akaelewa, akaja na wenzake wawili na kikapu cha ndizi. Wakakaa sebuleni, wakaomba radhi kama watu wazima wanavyoomba, kwa kuzunguka sana. Mwisho Mama Mutuma akasema, "Mama Kagendo, tulikosea. Tukubalie tukuite vile tulikuwa tunakuita."

Karimi alikuwa anapindia suruali ya Baba. Hakuinua macho. "Hilo jina si langu kukubali, na si lenu kurudisha. Ni la mtoto. Muulizeni."

Wakanigeukia wote watatu. Mama Mutuma akaniuliza kwa upole, "Kagendo, huyu ni mama yako?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimeisikia ile pumzi. Lakini kusema ndiyo mbele yao ilikuwa kukiri kwamba siku ile shambani nilisema mabaya, na kiburi changu cha miaka tisa hakikuweza kubeba hilo. Nikatazama vidole vya miguu yangu. Nikanyamaza hadi mtu mmoja akakohoa, na Karimi akakata uzi kwa meno, akasema, "Wacheni mtoto. Kunyweni chai."

Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini ya kwangu yalizaliwa siku hiyo hiyo na nikakua nayo. Karimi hakupata mtoto. Aliitwa Karimi bombani, kanisani, kwenye kikundi, na wasichana waliozaliwa baada yake walipoolewa na kuzaa wakawa Mama Fulani, yeye akabaki Karimi katikati yao. Mimi nilipokua nilianza kumwita Anti. Lilikuwa neno la kukwepa, na alilipokea kama alivyopokea mengine.

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, Mwenda, alikuja hospitalini na chupa ya uji, amesafiri tangu alfajiri. Wanawake wa vitanda vya jirani walikuwa wameshaanza kuniita Mama Mwenda, nami nililipenda hilo jina hadi nikawa naitikia hata sijaitwa. Mmoja akamuuliza Karimi, "Na wewe ni nani yake?" Nilikuwa nimelala nimefumba macho, si usingizi. Nilingoja niseme mimi. Karimi akasubiri kidogo, labda naye alikuwa ananingoja, kisha akajibu, "Mimi ni mtu wa kwao." Akanimiminia uji.

Hayo yote niliyabeba kutoka kwa fundi pamoja na sindano ya almasi. Nilifika Kibirichia mchana, nikapitia njia ya chini, ile ya shambani, nikatokea nyuma ya tangi la maji. Karimi alikuwa ameketi uani juu ya kigoda, akichagua viazi vya mbegu. Masikio yake bado ni mazima kabisa, anasikia kuku wa jirani akikanyaga bustani. Mgongo umepinda. Nilisimama, nikavuta pumzi, na nikaisikia ikiwa fupi.

"Mama!"

Mikono yake iliendelea na viazi. Nikaita tena, kwa nguvu zaidi, "Mama!"

Safari hii aliinua kichwa, akatazama upande wa barabara. Akageuka na kuniona, akatabasamu.

"Kagendo, umefika? Hebu angalia hapo barabarani, kuna mtoto wa mtu anaita mamake na hajibiwi."

Nikageuka nikatazama. Barabarani hapakuwa na mtu, lakini niliendelea kutazama huko, kwa sababu kumtazama yeye sikuweza.